Sikukuu ya Majengo ya Kale

 Somo letu la leo ni juu ya sikukuu ya majengo ya kale: hufanywaje, na yawafaa nini wazee na watoto?

Mwaka 1984 serikali ya Ufaransa iliweka siku maalumu ya kuwafungulia watu wote milango ya majengo ya kale. Baadaye desturi hiyo ikaenea Ulaya. Lakini hata kwetu Kanda ya Ziwa mfano upo. Kila mwaka, mwezi wa Juni, Wasukuma hukusanyika Bujora, karibu na Mwanza, kwa sikukuu ya Bulabo. Hapo pana makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement kutoka Kanada. Jengo moja lina umbo la kiti cha mtemi, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma za watemi. Mtoto aliyefuata mchezo wa ngoma huondoka akiwa amejifunza habari za utemi.

Sasa tutazame jirani zetu. Ukivuka mpaka kuingia Kenya, katika Kaunti ya Migori, kuna maboma ya mawe yaitwayo Thimlich Ohinga. Wataalamu hukadiria kwamba yalijengwa katika karne ya 16. Mwaka 2018 UNESCO iliyatia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta zake zina kimo cha meta 1.5 hadi 4.5, nazo zimejengwa bila udongo, chokaa wala saruji.

Zasimamaje? Waashi walipanga mawe upande wa nje na upande wa ndani, wakajaza katikati mawe madogo. Kila jiwe limebanwa na wenzake. Kwa hiyo ukiling'oa moja, yaliyo jirani hulegea. Mizizi ya miti huyasukuma, na mbuzi au watu wakipanda juu huyaporomosha. Kuurudisha ukuta ulioanguka kwahitaji mtu ajuaye kuchagua jiwe na kulilaza mahali pake.

Basi, sikukuu njema si ngoma na chakula tu. Wageni waonyeshwe pa kupita na pa kutokanyaga. Vijana wang'oe vichaka vilivyo karibu na kuta. Mzee ajuaye kazi aifanye mbele ya watoto, nao wamsaidie.

Labda utasema, "Kwetu nyumba za wazee zilikuwa za miti, udongo na nyasi, hatuna la kuonyesha." Ndugu, nyumba za namna hiyo ndizo zenye haja zaidi ya sikukuu. Ukuta wa mawe waweza kungoja miaka mingi. Nyasi na udongo havingoji. Chagueni siku moja, mjenge nyumba moja. Wazee wachague miti na kufunga fito, akina mama waongoze kazi ya kukandika, watoto wakanyage udongo na kuuliza maswali. Nyumba ya udongo ikianguka hujengwa tena. Lakini ajuaye kuijenga akizikwa kabla ya kufundisha, haijengwi tena.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini jiwe moja likiondolewa ukuta wote huwa hatarini?
2. Ni nani kijijini kwenu bado ajua kuezeka kwa nyasi?
3. Ni nani atakayekwenda kumwomba afundishe, na siku gani?