Mpaka Uliorudi Kisumu kwa Baiskeli

BINTI yangu alirudi nyumbani juzi na daftari la insha lililochorwa mduara mwekundu. Alikuwa ameandika, "Boda alifika mapema akanipeleka shuleni." Mwalimu akakata "alifika", akaandika "ilifika". Boda, alieleza pambizoni, ni chombo cha usafiri wala si mtu.

Msichana alinuna jioni nzima. "Lakini mama, aliyefika ni mtu! Pikipiki inaweza kuja yenyewe?"

Nilitaka kumwambia mwalimu ndiye mwenye kalamu, yaishe. Lakini kadiri nilivyolitafakari neno hilo ndivyo nilivyogundua kwamba sisi wakazi wa Kisumu tuna deni nalo kuliko watu wengi. Maana msomaji, kabla boda haijawa chombo, na kabla haijawa mtu, ilikuwa mahali. Na mahali penyewe palipata kuwa upande wa pili wa mji wetu.

Neno ni la Kiingereza, "border", lililovuliwa ile sauti ya mwisho kama lilivyovuliwa neno spana. Nao Waingereza hawakulizaa. Walilikopa kwa Wafaransa zaidi ya miaka 600 iliyopita. Siku hizo halikuwa na habari ya nchi wala askari wa forodha. Lilikuwa pindo la nguo, au ule utepe unaozunguka ukingo wa ngao. Fundi wa cherehani angelielewa upesi kuliko mkuu wa wilaya. Baadaye lilishuka kutoka kwenye nguo likalala ardhini, hasa kule Waingereza na Waskoti walikokuwa wakipigana na kuibiana ng'ombe kizazi baada ya kizazi.

(Wanafunzi watafurahi kusikia kwamba neno hili lina nasaba moja na lile la ubao na ubavu wa merikebu. Kwa hiyo bodi ya shule, bodingi na boda ni binamu.)

Kiswahili chetu kilikuwa na neno lake, mpaka, na si neno la kudharauliwa. Ni pale unapokomea, na papo hapo ndilo neno la kumwonyesha dereva safari yako: nipeleke mpaka Kondele. Labda ndiyo sababu halikutushangaza hata kidogo tulipoona jina la kizuizi limegeuka kuwa jina la kinachokuvusha.

Mgeuko huo ulitokea Busia, kilomita mia moja na ushee kutoka hapa, katika miaka ya 1960 na 1970. Kati ya lango la Kenya na lango la Uganda palikuwa na mwendo unaokaribia kilomita moja, ardhi isiyokuwa na mwenyewe. Ukiwa na gari ulihitaji makaratasi. Ukiwa na miguu ulihitaji nguvu, na aghalabu msafiri alikuwa na gunia au mtoto mgongoni. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki. Walifunga kijigodoro kwenye kibebeo cha nyuma, wakasimama penye lango wakinadi: "Boda! Boda!" Yaani, kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Abiria hakuambiwa jina la chombo; aliambiwa aendako. Msafara ulipopungukiwa na pumzi, maneno mawili yakawa moja.

Nyakati nazo zilisaidia. Uganda ya Idi Amin ilikosa sukari, sabuni na chumvi, nayo kahawa yake ilivuka kuja huku kwa njia zisizo na lango. Waliokuwa watu wazima wakati huo hawajasahau magendo ya Chepkube, kule Bungoma. Baiskeli haikuuliza gunia lina nini.

Sasa turudi Kisumu, kwa sababu hapa ndipo kisa kinaponinogea.

Reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, baada ya yapata maili 580. Stesheni yake ya mwisho iliitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyekuwa akiongoza utandazaji wa reli, na inasemekana yeye ndiye aliyegonga msumari wa mwisho. Reli yenyewe iliitwa Reli ya Uganda. Watoto wengi huuliza ni kwa nini, ilhali inaishia Kenya. Jibu ni kwamba siku ile haikuishia Kenya. Kisumu ilikuwa Uganda. Mpaka ulipita huko nyuma, upande wa Naivasha, na treni iliuvuka kabla haijafika hapa.

Mnamo Aprili 1, 1902, serikali ya Uingereza ililihamisha jimbo la mashariki la Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Walitaka reli nzima iwe chini ya utawala mmoja. Hapakupigwa risasi, na wakazi wa ufuo huu hawakuulizwa. Bibi aliyelala akiwa Uganda aliamka akiwa katika nchi nyingine, na pengine hakuna aliyejisumbua kumwarifu.

Mpaka ukaondoka Kisumu bila kuaga. Ulikaribia kurudi Februari 1976, Amin alipotangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, Kisumu ikiwemo, ni mali ya Uganda iliyonyang'anywa na Waingereza. Kenya iliwaka moto kwa maandamano, Mzee Kenyatta akakataa katakata, na Amin akarudi nyuma.

Lakini miaka kama 15 baadaye mpaka ulirudi kweli, na safari hii tuliupokea kwa mikono miwili. Ulikuja ukiwa baiskeli.

Ilikuwa miaka ya 1990. Kazi zilikuwa zinapukutika na viwanda kama kile cha nguo cha Kicomi vilikuwa vinadorora. Mwanamume aliyeachishwa kazi alikuwa na baiskeli yake nzito nyeusi, basi. Aliifunga kijigodoro, akapanga foleni karibu na stendi au sokoni Kibuye. Kina mama walikaa upande, miguu pamoja, kapu la omena mapajani. Watoto wangapi wa Nyalenda na Manyatta walilipiwa karo kwa kanyagio hizo, hakuna aliyewahesabu. Nami ni mmoja wao; baba yangu alikuwa na misuli ya miguu ambayo ningeitambua gizani.

Hakuna mpaka wowote kati ya Kibuye na Kondele. Neno lilikuwa limeachana na Busia, likabaki na maana ya kubebwa tu.

Kisha mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya sisi 250, na barabara zikajaa. Jina halikubadilika, ingawa kanyagio zilikuwa zimekwisha. Wazee wa baiskeli wakaachwa nyuma na vijana waliokuwa wakiwapita kwa honi. Baba aliuza yake kwa fundi wa vipuri.

Hapo ndipo lilipoingia jambo lililomponza binti yangu. Watu walianza kusema "boda wangu", kama mtu asemavyo daktari wangu. Boda wangu ana simu, huwachukua watoto saa kumi na mbili unusu, huniletea gesi. Neno likahama ngeli. Mahali pakawa mwito, mwito ukawa chombo, chombo kikawa mtu. Mwalimu anasahihisha kwa kanuni ya juzi na mtoto anaandika kwa lugha ya leo asubuhi. Katika mtihani, nilimshauri, amfuate mwalimu.

Na maana haijatulia. Machi 2022, waendeshaji walipomdhulumu mwanamke aliyekuwa akiendesha gari jijini Nairobi, nchi nzima ilitikisika, serikali ikaamuru msako, na kwa majuma kadhaa neno boda lilitamkwa kama jina la genge. Boda wetu wa mtaani, kijana mpole anayewafunga watoto kofia ya chuma kabla hajawasha moto, alikuwa akisimamishwa na polisi kila kona. Si kwamba wote ni malaika. Sheria inaruhusu abiria mmoja, nami nimeona wanne, mmoja akiwa na kuku.

Lakini ipo sehemu moja ambako neno hili halijalainika, nayo iko mbele ya macho yetu. Ni ziwani. Mstari wa Kenya na Uganda majini ulielezwa katika amri ya Waingereza ya mwaka 1926, kwa kutaja visiwa kimoja baada ya kingine: Pyramid, Ilemba, Mageta. Juu ya maji hauonekani. Mbuta hawaujui, na mvuvi humfuata mbuta. Ndiyo maana Migingo, mwamba mdogo uliojaa vibanda vya mabati mgongo kwa mgongo, umekuwa ukigombewa na nchi mbili, hasa tangu mwaka 2009, na wavuvi wa upande wetu wamelalamika mara nyingi kwamba wamekamatwa na askari wa Uganda na kunyang'anywa samaki na mashine za boti.

Huko Busia malango yaliunganishwa. Tangu Februari 2018, Marais Kenyatta na Museveni walipozindua kituo cha pamoja, msafiri hukaguliwa mahali pamoja tu. Majini hakuna kituo cha pamoja, wala kijana anayenadi. Mvuvi wa Sori au Muhuru Bay akikwambia kwamba ndugu yake ameshikwa boda, usimuulize pikipiki ilikuwa ya rangi gani.