Somo la Seattle kwa wataalamu wa tovuti

Kazi yao yote iko kwenye intaneti, lakini kila mwaka hupanda ndege kwenda kukaa pamoja ukumbini. Wataalamu wa kuzitangaza tovuti kupitia mitambo ya kutafuta, kama Google, wamekuwa wakikutana hivyo tangu mwaka 1999, Danny Sullivan alipoandaa mkutano wa kwanza wa Search Engine Strategies nchini Marekani.

Sababu inaeleweka. Namna mtambo unavyoamua tovuti ipi itangulie ni siri ya kampuni. Duka likishuka kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa tano, wateja hupotea na mwenye duka haelezwi kosa lake. Mkutanoni, angalau, yupo mtu wa kuulizwa.

Lakini jibu linaweza kuuma, kama ilivyotokea Seattle mwezi Juni mwaka 2009, katika mkutano wa SMX Advanced.

Pointi zilizopotea

Mwaka 2005 Google, Yahoo na Microsoft zilianza kuitambua lebo iitwayo nofollow, ili kupunguza matangazo ya takataka kwenye maoni ya wasomaji. Kiungo chenye lebo hiyo hakikuongeza sifa za tovuti kinakoelekea.

Wataalamu wakaigeuzia matumizi. Waliibandika kwenye viungo vya kurasa zisizo na faida, kama ukurasa wa anwani, wakiamini nguvu yote itakwenda kwenye kurasa za bidhaa.

Chukua ukurasa wenye pointi 10 na viungo 10. Vitano vikiwekewa lebo, vitano vilivyobaki vilikuwa vikigawana pointi zote, 2 kwa kila kimoja.

Huko Seattle, Matt Cutts, ambaye wakati huo aliongoza kikosi cha Google cha kupambana na hila za tovuti, aliashiria kwamba hesabu hiyo imebadilika. Kila kiungo sasa kilipata pointi 1, na 5 nyingine zikapotea bure. Siku chache baadaye akafafanua kwa maandishi kuwa mabadiliko hayo yalikuwa yamefanyika zaidi ya mwaka mmoja kabla.

Maana yake ni kwamba kila aliyepanda jukwaani katika kipindi hicho na kuifundisha mbinu ile alifundisha kitu kilichokwisha kufa. Waliomsikiliza walirudi makwao na kutumia fedha za waajiri wao kwa kazi isiyo na manufaa.

Mzigo wa msemaji

Hapo ndipo ulipo uzito wa kuzungumza kwenye mikutano hii. Waandaaji wengi hawapendi msemaji ageuze mada kuwa tangazo la kampuni yake. Anachotakiwa kuleta ni alichokijaribu mwenyewe: kwenye tovuti ya aina gani, lini, na kilishindwa wapi. Asiyetaja tarehe ya jaribio lake huwaachia wasikilizaji dawa isiyojulikana itaharibika lini. Lebo hiyo hiyo ya nofollow ilibadilika tena mwaka 2019, Google iliposema itaichukulia kama dokezo tu.

Msikilizaji naye ana kazi yake. Katika baadhi ya mikutano kuna vikao ambapo wenye tovuti hujitolea zikaguliwe hadharani, kasoro zao zikionyeshwa kwenye skrini kubwa. Aibu ipo, lakini Waswahili walisema: mficha uchi hazai.

Wala si lazima kuanzia ukumbi mkubwa. BrightonSEO ya Uingereza ilianza mwaka 2010 kwenye chumba cha juu cha baa, na baadaye ikafikia kuvuta maelfu ya watu.

Awe chumbani au ukumbini, anayesikiliza ana haki ya kunyoosha mkono na kuuliza: ulijaribu lini? Swali hilo lingewaokoa wengi kabla ya Seattle.