Thamani ya Sarafu: Nani Anapima, Nani Analipa

Katika madarasa ya siasa, kila tunapofikia somo la biashara kati ya nchi na nchi, swali moja hujitokeza bila kukosa. Ndugu mmoja husimama akauliza: ikiwa dinari moja ya Kuwait hununua zaidi ya dola tatu za Kimarekani, na dola moja inataka maelfu ya shilingi zetu, je, huo si ushahidi kwamba jasho letu ni duni mara maelfu? Swali hili ni la haki na halifai kujibiwa kwa kaulimbiu. Lakini ndani yake mna kosa ambalo lazima liondolewe kwanza.

Kosa hilo ni kuhesabu vipande badala ya kuangalia kilichopimwa. Pishi moja ya mahindi ukiipima kwa kibaba utapata vibaba vinne. Mahindi ni yale yale. Tangu 1949 hadi 1971 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa yeni 360 za Japani, na ni katika miaka hiyo hiyo Japani ilijenga viwanda vya chuma, meli na magari vilivyoishangaza dunia. Mwaka 1960 Ufaransa ilichukua faranga 100 za zamani ikaziita faranga moja mpya. Ghana mwaka 2007 ilifuta sifuri nne katika sedi yake, na Zambia mwaka 2013 ikafuta sifuri tatu katika kwacha. Hakuna hata gunia moja la kakao wala tani moja ya shaba iliyoongezeka kwa kufuta sifuri. Kwa hiyo mtu anayezipanga sarafu za dunia kwa mstari, kubwa mbele na ndogo nyuma, akadhani amezipanga nchi kwa utajiri, hajapima kitu.

Linalofaa kuulizwa ni jinsi thamani ya sarafu inavyotembea kati ya mwaka mmoja na mwingine, na bidhaa ambazo nchi inauza na kununua kwa sarafu hiyo. Ndiyo sababu Mwalimu Nyerere alipenda kupima kwa trekta: mkulima wetu anahitaji kutoa tani ngapi za katani au pamba ili nchi ipate trekta moja? Kipimo hicho kinazidi jedwali lolote la benki, kwa kuwa hakidanganywi na sifuri.

Lakini liko swali lililo zito zaidi, na hilo halimo katika vitabu vingi vya uchumi. Thamani ya sarafu inapobadilishwa, ni nani amebadilisha, na gharama inamwangukia nani? Hapa historia ya Afrika Mashariki yenyewe inatosha kuwa mwalimu.

Lugha yetu imehifadhi daftari la watawala wa fedha. Pesa imetoka India, hela imetoka kwa Wajerumani, na shilingi imetoka kwa Waingereza. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Kenya na Uganda zilitumia rupia ya India, na rupia 15 zilikuwa sawa na paundi moja ya Kiingereza. Rupia ile ilikuwa ya fedha halisi. Wakati wa vita na mara baada yake bei ya madini ya fedha ilipanda mno duniani, na rupia ikapanda nayo. Mwaka 1920 wakuu wa London wakaamua kuifunga rupia ya Afrika Mashariki kwa shilingi mbili za Kiingereza. Maana yake, paundi moja sasa ilikuwa rupia 10 badala ya 15. Ikatolewa florini, na muda si mrefu florini ikagawanywa ikawa shilingi mbili za Afrika Mashariki, chini ya Bodi ya Sarafu iliyokaa London kwenyewe. (Unguja na Pemba zilibaki na rupia mpaka mwaka 1936, zilipobadilishiwa kwa shilingi moja na nusu kwa kila rupia.)

Tuangalie uamuzi huo ulimfanya nini kila mmoja. Mlowezi aliyekopa rupia 15,000 kabla ya vita alikuwa na deni la paundi 1,000. Baada ya 1920, bila kukopeshwa hata senti ya ziada, deni lake likawa paundi 1,500. Kahawa na katani yake ziliuzwa Ulaya kwa paundi, na wakati huo huo bei zake zikaanguka. Mlowezi akabanwa kweli, hatukatai. Ila hakwenda kuzipigania rupia zake London tu. Mwaka 1921 walowezi waliafikiana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja.

Hesabu yao ilikuwa hivi. Chukua kibarua wa rupia 6 kwa mwezi, kwa mfano tu. Kwa thamani ya zamani mshahara huo ulikuwa shilingi 8. Kwa thamani mpya ukawa shilingi 12. Ondoa theluthi, unarudi kwenye 8, na mlowezi anasema hakuna aliyedhulumiwa. Sasa tazama upande wa kodi. Kodi ya nyumba na ya kichwa ilikuwa imepandishwa hadi rupia 8, nayo ikaandikwa kuwa shilingi 16. Yaani kwenye kodi rupia ilihesabiwa kwa thamani mpya, na kwenye mshahara ikarudishwa kwenye thamani ya zamani. Kibarua yule alitakiwa kufanya kazi miezi miwili mizima ili alipe kodi ambayo, kama ingehesabiwa kwa kipimo kile kile cha mshahara wake, ingemchukua mwezi mmoja na siku kumi. Hakuna aliyemwibia kwa kumkaba barabarani. Aliibiwa kwa kiwango cha kubadilishia fedha.

Wafanyakazi wa Nairobi hawakuhitaji shahada ili waelewe. Harry Thuku na chama chake walishika mambo mawili hayo hayo, mshahara na kodi, pamoja na kipande na kazi ya kulazimishwa. Thuku alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika kudai aachiliwe ulipigwa risasi, na hesabu ya serikali yenyewe ilitaja waliokufa 21; miongoni mwao alikuwamo mama shujaa Mary Muthoni Nyanjiru. Mwaka ule ule kodi ilishushwa hadi shilingi 12.

Tukija kwenye shilingi yetu wenyewe, iliyotolewa na Benki Kuu ya Tanzania mwaka 1966, dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Waingereza waliposhusha thamani ya paundi mwezi Novemba 1967, hatukuwafuata, na paundi ikashuka kutoka shilingi 20 hadi 17 na senti 14. Huo ulikuwa uamuzi wa nchi huru. Baadaye, vita dhidi ya Idi Amin na bei ya mafuta vilipotubana, Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka tushushe shilingi kwa kiasi kikubwa, na Mwalimu akakataa masharti yake. Juni 1984 shilingi ilishushwa kutoka karibu 12 hadi karibu 17 kwa dola, na katikati ya 1986, baada ya mapatano na Shirika, ikafika 40.

Hapa makada wengi huchukua njia ya mkato: shilingi ya juu ni uzalendo, shilingi ya chini ni usaliti. Sivyo. Katika miaka ile ya shilingi ya juu, kahawa na pamba ziliuzwa nje kwa dola, na kila dola ikarudi nyumbani kama shilingi chache. Hivyo mkulima alilipwa kidogo. Wakati huo huo aliyepata kibali cha kununua dola kwa bei ya serikali aliweza kuuza bidhaa zake kwa bei ya magendo, ambayo ilikuwa mara kadhaa ya ile rasmi. Shilingi ya juu ilimlinda mfanyakazi wa mjini pale tu bidhaa zilipopatikana dukani. Na iliposhushwa, mfanyakazi ndiye aliyeumia kwanza, na mkulima akapata nafuu kadiri tu bei ya mbolea na jembe haikuimeza nyongeza yake.

Mwaka 2024 dola moja ilivuka shilingi 2,600. Taifa linalokopa kwa dola na kutoza kodi kwa shilingi limo katika hali iliyofanana na ya yule mlowezi wa 1920. Deni la dola 100 lililotaka shilingi 714 mwaka 1966 lingetaka shilingi 260,000 kwa kiwango hicho, na shilingi hizo hukusanywa sokoni, dukani na kwenye mishahara.