Milango mitano imelala, mitatu imesimama

"Mwanangu, mbona milango mitano imelala na mitatu imesimama?"

Aliniuliza Bi Mkubwa mmoja wa kwetu Unguja, jikoni kwake Scarborough, mashariki mwa Toronto, wiki moja kabla ya Ramadhani. Fundi wa kabati zile ni mimi. Nikakosa la kumjibu.

Kosa lilianzia kwenye hesabu. Plaiwudi nzima huku ni futi 4 kwa 8, yaani kama sentimita 122 kwa 244, na nyuzi za mbao kwa kawaida hufuata urefu. Nilitaka milango 8, kila mmoja sentimita 41 kwa 78. Ukitaka nyuzi zisimame kama mti ulivyosimama, kwa upana inaingia miwili tu, maana 41 mara tatu ni 123. Kwa urefu mitatu. Jumla 6, basi ununue plaiwudi ya pili. Lakini ukilaza mitano na kusimamisha mitatu, yote minane inatoka kwenye moja, hata ukitoa milimita 3 zinazoliwa na msumeno kila mkato. Nikajiona mjanja.

Kabla ya rangi, tofauti haikunitisha. Nilipopaka mafuta, ile ngozi nyembamba ya mti wa jozi ikafunguka, kila mstari ukaonekana.

Nikanunua ile plaiwudi niliyoikimbia, kwa pesa yangu, nikakata mitano upya. Bahati nzuri nilikuta ya fungu lile lile, rangi zikalingana. Ile ya zamani haikufaa hata kuwa rafu, kwa sababu rafu huwa imara zaidi nyuzi zikienda kwa urefu wake. Nikaikatakata, ikawa pande za droo.

Nyie mnaoagiza jiko huko Maskati au Dubai, fundi asiwashe mashine kabla hajakuchoreeni ramani ya mikato, kila kipande kina mshale wa nyuzi. Droo na mlango vinavyopangana juu na chini vikatwe mfululizo kwenye ukanda mmoja. Bodi za melamini zenye picha ya mbao nazo zina mwelekeo. Za rangi tupu ndizo hazina shida. Na fundi akitaka plaiwudi moja zaidi, msikimbilie kusema anakuibieni. Muombeni mchoro kwanza.

Usiku wa kuamkia mfungo, Bi Mkubwa alipitisha kiganja mlangoni, juu mpaka chini. "Ehe," akasema, "sasa yote imesimama."