Zoezi la Ukamanda Lisimwoneshe Kamanda Kila Kitu

Mchana wa tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara, Ziwa Victoria. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Giza lilipoingia uokoaji ukasimamishwa hadi asubuhi. Siku mbili baada ya ajali, fundi mitambo wa kivuko akatolewa akiwa hai, kwa sababu alijificha mahali palipobaki hewa.

Tukio la namna hii linaweza kuingizwa kwenye kompyuta likatumika kuwafundisha makamanda. Majeshi ya Afrika Mashariki yanayajua mazoezi ya aina hiyo, na maafa ni sehemu ya mambo yanayojaribiwa katika mfululizo wa Ushirikiano Imara wa Jumuiya yetu, sambamba na ugaidi, uharamia na operesheni za amani. Watu wengi wakisikia neno kompyuta hudhani uhalisia ni picha nzuri: mawimbi yanayopanda na kushuka, kivuko kilichogeuka tumbo juu. Picha hizo zina faida ndogo sana kwa anayejifunza kuamuru.

Zoezi la ukamanda halina askari wanaotambaa vichakani. Wanaofunzwa ni kamanda na wanadhimu wake, na mbele yao pana ramani, redio na simu. Vikosi wanavyoviamuru vimo ndani ya programu. Katika chumba kingine huketi maofisa wanaoigiza viongozi wa vikosi hivyo. Wao hupokea amri kwa redio na kuiingiza kwenye mashine, nayo hukokotoa boti itatumia muda gani kutoka Nansio hadi Ukara, mafuta yatabaki kiasi gani, na mlinzi aliye juu ya boti anaweza kuona umbali gani. Kisha maofisa hao hutoa taarifa kwa redio kama ambavyo kiongozi wa kikosi angetoa. Kamanda hatakiwi kuiona skrini yao hata kidogo.

Hapo ndipo uhalisia huvuja. Kamanda anauliza, "Majini kuna watu wangapi?" Ofisa wa chumba cha pili anatupa jicho kwenye skrini na kujibu, "Mia mbili na kumi na watano." Kule Bwisya jibu lingekuwa, "Ni wengi, afande." Boti ya pili ingesema thelathini, mwenyekiti wa kijiji angesema mia tatu, na karatasi ya abiria isingemsaidia yeyote. Kazi ya unadhimu ni kuamua huku taarifa zikigongana hivyo. Zoezi linalotoa idadi kamili ndani ya dakika moja humzoesha ofisa hali ambayo hataikuta kazini.

Mvutano huu kati ya hesabu na uamuzi wa binadamu ni wa zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aitwaye von Reisswitz alitoa mchezo wa vita wa ramani, wenye dadu na majedwali ya hasara. Miaka 52 baadaye Verdy du Vernois akapendekeza majedwali yawekwe kando na mwamuzi mzoefu aachiwe uamuzi, kwa kuwa hesabu zilikuwa zinauchelewesha mchezo. Kompyuta imerudisha majedwali kwa kasi kubwa. Mwamuzi mzoefu bado anahitajika.

Na kwetu mwamuzi huyo lazima alijue ziwa. Usiku wa giza la mwezi, maji kati ya Mwanza na Ukerewe hujaa taa za wavuvi wa dagaa. Mwezi ukiwa mpevu wengi wao hawatoki. Mwandaaji akichagua usiku wa tukio bila kuangalia mwezi, tayari amekosea: katika usiku wa kwanza, mlinzi wa boti ya doria anatafuta taa moja ya hatari katikati ya mamia, lakini pia ana mamia ya mitumbwi inayoweza kufika kabla yake. Usiku wa pili hana hiki wala kile. Vilima vya mawe vya Mwanza hukata mawasiliano ya redio, na magugu maji hunasa rafadha. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kama kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025; programu yenye data ya zamani bado itayapanga malori ya jeshi kwenye foleni ya kivuko.

Uhalisia pia ni kukubali kushindwa. Mwaka 2002, katika zoezi la Marekani liitwalo Millennium Challenge, jenerali mstaafu Paul Van Riper aliigiza adui. Badala ya redio alituma ujumbe kwa pikipiki ili asinaswe, akashambulia ghafla, na kompyuta ikahesabu meli 16 za kivita zimezama. Waandaaji wakaziibua meli na kumbana adui kwa masharti. Waliokuwa wanafunzwa walinyang'anywa somo lao. Sisi tunao mfano mchungu zaidi: MV Bukoba, Mei 1996. Meli iliyopinduka ilibaki ikielea huku watu wakigonga kutoka ndani. Ilipotobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, meli ikazama. Programu ya mafunzo lazima iruhusu amri yenye nia njema iue, na msimamizi asirudishe saa nyuma.

Ningependa pia chumba cha pili kiongezewe kiti. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, waliotangulia kuifikia ni wavuvi. Watu 24 walinusurika. Hakuna kamanda aliyewapa wavuvi wale amri, na ni rahisi programu kuwahesabu raia kama kizuizi cha njiani. Kiongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa ufukwe, aketi pale na simu yake ya kawaida, awe huru kupiga, kukataa kuwasha mashine kwa kukosa petroli, au kwenda mwenyewe bila kumwuliza mtu. Wanadhimu watalazimika kutafuta namba yake mapema.