Vazi la Heshima kwa Mfuko Mdogo

Somo: Matendo ya Mitume 9:36-42

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wahubiri wengi huliona dogo mno, nalo ni mavazi. Twasema hasa na akina mama na akina dada wa Nyeri, Karatina, Othaya, Kerugoya, Embu, Meru na Nanyuki. Lakini akina baba nao wasiizime redio.

Katika parishi moja tuliyoitumikia, akina mama walikubaliana kununua kitenge cha namna moja kwa ajili ya Sikukuu ya Mavuno. Sisi wachungaji tukalitangaza jambo hilo kanisani kwa furaha, hata tukataja bei na siku ya mwisho ya kulipa. Sikukuu ikafika, na kanisa likapendeza kweli. Lakini mama mmoja mchuma chai, aliyezoea kuketi karibu na mlango, hakuonekana. Jumapili ya pili hakuonekana, wala ya tatu. Tulipomtembelea nyumbani alitukaribisha chai, akasema kwamba hana ugonjwa wala ugomvi na mtu. Mwishowe akasema, "Pasta, kitenge sikuweza. Pesa zilikuwa za karo. Nikaona haya kuketi peke yangu na gauni langu la kila siku."

Tulirudi tukiwa kimya njia nzima. Tangazo letu wenyewe ndilo lililomfungia mama huyo mlango wa kanisa.

Basi tuulize: Je, Mungu anajali mavazi? Wako wanaosema kwamba Mkristo asijishughulishe nayo kabisa. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kufika kwetu Kenya mwaka 1937, uliwafundisha ndugu wengi kuacha anasa na majivuno, na fundisho hilo lilikuwa jema. Mtume Petro naye, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, awaonya wanawake wasitegemee dhahabu na kusuka nywele, bali utu wa moyoni. Lakini hakuna mahali ambapo Petro amesema kwamba uchafu au nguo iliyofumuka ni utakatifu. Tena someni Mithali 31, aya ya 21 na 22. Yule mwanamke mwema haiogopi theluji, kwa sababu watu wa nyumba yake wamekwisha kuvikwa vizuri. Kisha yeye mwenyewe pia amevaa vazi zuri. Sisi tuuonao Mlima Kenya kila asubuhi twaelewa habari ya theluji! Angalieni utaratibu wake: nyumba kwanza, kisha yeye, lakini yeye naye hakusahauliwa.

Sasa, mama mwenye mfuko mdogo afanyeje? Yako mambo matano.

Kwanza, kabla ya kwenda sokoni, fungua sanduku lako. Toa nguo zote, uzitazame mchana. Wengi wetu hununua blauzi ya tano hali hatuna sketi ya kuivalia. Chagua rangi mbili au tatu zinazopatana, kama buluu nzito, kahawia na nyeupe. Mwenye sketi 2 na blauzi 3 zinazopatana anaweza kutoka kwa namna 6, na jirani asijue kwamba ni nguo 5 tu. Huku kwetu usisahau baridi ya Juni na Julai. Sweta moja nzuri inayokubali nguo zako zote ina faida kuliko tatu zisizopatana na chochote.

Pili, jua kuchagua mitumba. Nguo hizi zilifurika nchini tangu miaka ya 1990, biashara ilipofunguliwa, na viwanda vyetu vingi vya nguo vikaumia. Ndugu zetu wa Tanzania waliziita kwa mzaha "kafa Ulaya". Lakini Machi 2020, serikali ilipozuia kuingizwa kwake kwa sababu ya korona, hata ikaruhusu tena mwezi wa Agosti, tuliona ni nyumba ngapi za Wakristo wetu zinazolishwa na biashara hiyo. Hakuna haya kuivaa. Ila usinunue kwa kuvutwa na rangi. Inua nguo kwenye mwanga utazame kama imekonda. Tazama kwapani, kwenye kola na kwenye pindo. Vuta zipu mara mbili. Vuta mshono kidogo kwa vidole. Kifungo kilichopotea si neno, kwani kifungo hununuliwa. Lakini kitambaa kilichochoka hakina dawa.

Tatu, mpende fundi wa cherehani. Gauni kubwa la bei ndogo, likipunguzwa kiunoni na kukatwa pindo kwa kipimo chako, litakupendeza kuliko gauni jipya la dukani lisilokukaa. Wala usimfanye fundi kukupunguzia malipo mpaka akose chakula. Yeye pia ana watoto. Mwambie mapema kwamba wataka vazi la staha, la kukuwezesha kuinama, kuketi na kupanda matatu bila kujivuta-vuta. Nguo inayokusumbua ibada nzima haikukaa vizuri, hata kama ni ya thamani.

Nne, tunza ulicho nacho. Nguo nyingi hufishwa na jua na sabuni kabla ya kuzeeka. Nguo ya rangi igeuze ndani nje, uianike kivulini. Doa lioshe siku ile ile. Ufa wa mshono uzibe ungali kidole kimoja, kwa maana wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Uvuapo nguo ya kanisani, usiingie nayo jikoni penye moshi. Na viatu vifute matope kabla hayajakauka, hasa wakati wa mvua za masika.

Tano, usivae deni. Hapa twasema kwa uchungu. Siku hizi mkopo hupatikana kwenye simu kabla maji ya chai hayajachemka, na riba yake huanza kutembea usiku huo huo. Tumewaona akina mama waliovaa sare ya arusi siku moja, wakailipa miezi mingi, tena kwa kujificha na kwa kuwadanganya waume zao. Bonasi ya majani chai na malipo ya kahawa huja kwa majira. Basi weka kidogo kidogo mpaka majira yako yafike. Tena pima bei kwa muda. Tuseme kiatu cha shilingi 600 kinapasuka baada ya miezi 4: umelipa shilingi 150 kwa kila mwezi. Kiatu cha shilingi 1,200 kinachodumu miaka 2 umekilipia shilingi 50 kwa mwezi. Mwenye kungoja na kuweka akiba amepata cha bei nafuu zaidi.

Wapendwa, tunaye mfano wa nyumbani. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 kijijini Ihithe, Tetu, alijulikana duniani kwa vitenge vyake na kilemba chake, hata baada ya kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Hakuona lazima kufanana na wakuu wa Ulaya ili aheshimiwe. Mwaka 2005, alipozuru Japani, alijifunza neno la watu wa huko, "mottainai", lenye maana ya kusikitikia kitu chema kinachoharibiwa bure. Alilipenda, akalihubiri kotekote. Bibi zetu hawakulijua neno hilo, lakini walilitenda, kwa maana gauni likichakaa lilikuwa nguo ya mtoto, na mwisho likawa kitambaa cha kufutia meza.

Lakini tusimwachie mama maskini mzigo wote. Katika somo letu twasikia juu ya Dorkasi wa Yafa. Alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hawakuonyesha nguo alizovaa Dorkasi mwenyewe. Walionyesha zile walizovaa wao. Hiyo ndiyo sifa iliyosimama karibu na maiti yake, naye Bwana akamrudisha kwa watu wake akiwa hai.

Basi twauliza Umoja wa Akina Mama na vyama vyote vya wanawake: mkipanga sare, je, mmehesabu mfuko wa aliye wa chini kabisa? Yakobo, katika sura ya 2, atukemea kwa kumpa kiti kizuri mwenye mavazi mazuri. Mwenye cherehani akitoa siku moja kwa mwezi kuwarekebishia wengine nguo, na mwenye gauni asilolivaa akimpa mwenzake kwa siri bila kumtangaza, Dorkasi atakuwa anaishi Karatina.

Yule mama tuliyemtaja alirudi. Mwaka uliofuata akina mama wenyewe waliamua kwamba sare ya Mavuno iwe kitambaa cha kichwa tu cha rangi moja, na gauni kila mtu avae alilo nalo, safi na lililopigwa pasi. Tulimwona karibu na mlango, mahali pake pa siku zote, na kitambaa chake kichwani. Aliimba kwa sauti kubwa. Gauni lilikuwa lile lile la kila siku.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyewavika Adamu na Hawa walipoona haya, utufundishe kuvaa kwa staha na kwa shukrani. Utuondolee majivuno ya aliye nacho na aibu ya asiye nacho. Utusamehe sisi watumishi wako tuliowafungia wadogo mlango. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.