Homa ya Milimani na Mstari Mwekundu

Katika vijiji vya juu vya milima ya Upare, wilayani Same, malaria ni haba kuliko tambarare, kwani baridi huchelewesha ukuaji wa kijidudu ndani ya mbu. Hata hivyo wengi wamezoea kuiita kila homa malaria. Jambo hili si dogo: uchunguzi wa hospitali 10 za kaskazini-mashariki ya Tanzania, uliotangazwa mwaka 2004, ulikuta vijidudu kwa asilimia 46 tu ya wagonjwa mahututi waliotibiwa malaria, na wasiokuwa na vijidudu ndio waliokufa kwa wingi zaidi.

Hadubini yahitaji fundi stadi. Kipimo cha haraka cha zahanati chatokana na ugunduzi wa Köhler na Milstein, Cambridge, 1975. Waliunganisha seli ya panya itengenezayo kingamwili na seli ya saratani, wakapata ukoo usiokoma wa seli zitoazo kingamwili ya namna moja tu. Katika kipimo, kingamwili zilizobeba chembechembe za dhahabu hukamata protini ya kijidudu iliyomo katika tone la damu; nyingine, zilizogandishwa juu ya ukanda, huzinasa zipitapo, na mstari mwekundu hutokea.

Wanafunzi watahadharishwe: katika aina nyingi za kipimo hiki, protini inayotafutwa hudumu katika damu majuma kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Mstari, basi, waweza kuwa habari za homa ya mwezi uliopita.